The Human League haikuangushwa na mashine

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu bendi za Uingereza zilizotamba kwa sinthesaiza (mashine za umeme za kutengeneza milio ya muziki) miaka ya 1980 ilitufurahisha, maana ni nadra gazeti la Kiswahili kuupa muziki huo ukurasa mzima. Lakini ilipofika kwa The Human League ya Sheffield ilikosea njia. Mwandishi alisema bendi hiyo ilichuja baada ya 1982 kwa sababu wasikilizaji walichoshwa na milio ya mashine wakarudi kwenye magitaa. Sisi ni mafundi wa sauti, mashine za aina hiyo tunazijua ndani nje, na tunaona sababu hiyo haisimami hata ukiisukumia ukuta. Kilichoikwamisha bendi hii kati ya 1982 na 1994 ni muda uliopotea studio, deni lililotokana na muda huo, na kuondokewa na watu waliojua kuziendesha mashine zenyewe. Mambo yote matatu yana tarehe zake, na tunaomba nafasi tuyaeleze.

Tuanzie Oktoba 1980, maana ufa ulianzia huko. The Human League iliundwa 1977 na Martyn Ware na Ian Craig Marsh, vijana wawili waliokuwa wakifanya kazi za kompyuta. Ware alikuwa na sinthesaiza ya Korg 700S, Marsh alikuwa na ya Roland System 100. Philip Oakey, mhudumu wa hospitali, aliingizwa ili aimbe. Adrian Wright hakupiga chombo chochote: kazi yake ilikuwa picha za slaidi zilizomulikwa jukwaani nyuma ya wenzake. Singo ya kwanza, "Being Boiled", ilitoka 1978 kwa kampuni ndogo ya Edinburgh iitwayo Fast Product. Kampuni ya kurekodi ya Virgin ikawachukua 1979, zikafuata albamu mbili zilizosifiwa kuliko zilivyonunuliwa, kisha bendi ikapasuka.

Tazameni nani aliondoka na nani alibaki. Ware na Marsh, wenye mashine, walikwenda kuunda British Electric Foundation na Heaven 17. Oakey na Wright walibaki na jina, na jina hilo lilikuja na mzigo wake: madeni ya bendi, ziara ya Uingereza na Ulaya iliyokuwa imebakiza siku chache kuanza, na ahadi ya kuwalipa waliotoka asilimia 1 ya mrabaha wa albamu inayofuata. Bendi ya sinthesaiza ikawa imebaki na mwimbaji na mtu wa slaidi. Oakey aliwachukua wanafunzi wawili, Joanne Catherall na Susan Ann Sulley, aliowaona wakicheza katika klabu ya Crazy Daisy mjini Sheffield, akamkodi Ian Burden apige vinanda, na ziara ikafanyika.

Kwa nini pengo la Ware na Marsh ni kubwa kuliko pengo la mpiga gitaa? Mpiga gitaa akiondoka, unamtafuta mwingine, unamwonyesha kodi za wimbo (noti zinazopigwa kwa pamoja), na baada ya mazoezi ya wiki moja wimbo unatambulika. System 100 haina kumbukumbu ya kuhifadhi mlio. Kila sauti inajengwa upya kwa mkono: unachagua umbo la wimbi, unaweka kimo cha sauti cha osileta (sehemu inayozalisha wimbi), unafungua filta (kichujio cha sauti) kiasi fulani, unapanga sauti ipande kwa kasi gani, ishuke kwa kasi gani, idumu kwa nguvu gani na izimike baada ya muda gani, halafu unachomeka waya kati ya sehemu na sehemu. Kitelezi kikisogea milimita mbili mlio umebadilika. Asiyeandika mipangilio hiyo kwenye karatasi ameipoteza, na hata aliyeiandika atapata mlio wa jirani tu, kwa sababu mashine mbili za aina moja hazilingani kabisa. Fundi akiondoka, milio inaondoka naye kichwani mwake.

Ndiyo maana bendi yoyote inayotegemea mashine za namna hii inahitaji karatasi moja kwa kila mlio: mchoro wa uso wa mashine, alama ya kila nobu, rangi na njia ya kila waya, spidi ya wimbo, na jina la aliyeutengeneza. Zaidi ya hayo, mlio urekodiwe peke yake, mkavu bila mwangwi, sekunde 10 kwa noti ya chini na sekunde 10 kwa noti ya juu, ili atakayeujenga upya awe na kitu cha kulinganisha kwa sikio. Ni kazi ya dakika tano. Bendi nyingi za wakati ule hazikuifanya, na bado zipo zisizoifanya.

Aliyeiokoa The Human League 1981 ni Martin Rushent, prodyuza mwenye studio yake, Genetic, huko Streatley, Berkshire. Studioni kulikuwa na sinthesaiza ya Roland System 700, sikwensa ya Roland MC-8 (kifaa kinachoamuru mashine nyingine zipige noti zilizoandikwa) na mashine ya ngoma ya Linn LM-1. Inafaa wasomaji waelewe kazi yenyewe ilivyokuwa, kwa sababu makala ilitoa picha kwamba mtu anabonyeza kitufe na wimbo unajipiga.

MC-8 haikuwa na kinanda wala kioo cha kuonyesha noti. Ilikuwa na vitufe vya tarakimu kama kikokotoo. Kila noti iliingizwa kwa namba tatu: ya kwanza ni kimo cha sauti, ambapo nusu toni moja ni hatua moja na oktavu ni hatua 12, ya pili ni muda hadi noti inayofuata, ya tatu ni muda ambao noti inasikika kabla ya kukatwa. Ukiamua kwamba pigo moja ni hesabu 48, basi nusu pigo ni 24. Ukiandika 24 kwa muda wa noti na 12 kwa muda wa kusikika, noti inakatwa katikati, na hapo ndipo unapopata ule mdundo wa besi unaodundadunda. Mstari wa besi wa mizunguko 4 yenye noti 8 kila mmoja ni noti 32, yaani namba 96. Namba moja ikikosewa katika muda, kila kinachofuata kinasogea. Kazi ya siku ilihifadhiwa kwenye kaseti kwa mlio unaofanana na kelele za faksi, na kaseti ikiharibika unaanza upya.

MC-8 ilituma volti kwenda System 700: volti 1 kwa kila oktavu. Kwa hiyo nusu toni ni takriban volti 0.083. Hitilafu ndogo ya volti, au joto la chumba kupanda, na besi inakuwa nje ya sauti ya mwimbaji. Osileta za aina hii zinahitaji kama nusu saa zipate joto kabla hujaanza, na hata hapo unazipima tena na tena kadiri siku inavyokwenda. Tena besi au kinanda cha juu hutoka noti moja kwa wakati mmoja: ukitaka kodi ya sauti tatu unarekodi mara tatu katika njia tatu za utepe.

LM-1 nayo ilikuwa ghali na adimu. Ilibeba sauti 12 za ngoma halisi zilizowekwa kwenye chipu, lakini matoazi makubwa hayakuwamo, kwa sababu toazi hulia kwa muda mrefu na kumbukumbu ya chipu wakati ule ilikuwa ghali mno. Msikilizaji makini ataisikia nafasi hiyo tupu katika *Dare*, albamu waliyoirekodi na Rushent. Kukosekana kwa matoazi kunaacha sehemu ya juu ya wimbo wazi, na sauti za Oakey, Catherall na Sulley zinakaa hapo bila kusukumana na kitu. Tunaamini nusu ya utamu wa albamu ile unatokana na kile ambacho mashine ilishindwa kufanya.

Yote hayo yaliunganishwa kwenye utepe wa njia 24, yaani sehemu 24 za kurekodi sauti sambamba. Njia moja, kwa kawaida ya 24, ilirekodiwa mlio wa kuongoza mashine, na njia ya 23 iliachwa tupu au ikapewa kitu kisicho muhimu, maana mlio huo huvuja kwa jirani. Mlio wa kuongoza wa zamani haukubeba saa, ulibeba mapigo tu. Ukitaka kurekebisha besi katika dakika ya tatu unaanza wimbo tangu mwanzo, usubiri. Ukikata utepe na kuunga, mapigo yanakatika na mashine inapotea. Utepe wa futi 2,500 ukizungushwa kwa inchi 30 kwa sekunde unakwisha kwa dakika 16 na sekunde 40, kwa hiyo albamu moja, ukiweka na majaribio, inakula rundo la tepu.

*Dare* ilitoka Oktoba 1981. "Don't You Want Me" ilikuwa namba 1 Uingereza Krismasi ya mwaka huo na namba 1 Marekani Julai 1982. Oakey mwenyewe hakutaka itoke kama singo. Aliuona wimbo dhaifu, na ndiyo maana uko mwisho kabisa wa albamu. Virgin ilisisitiza. Tunalitaja hilo kwa sababu linaonyesha tabia iliyokuja kuwagharimu: walikuwa watu wa kujitilia shaka, na shaka katika studio ya kukodi hulipiwa kwa siku.

Sasa tufike kwenye miaka migumu. Baada ya *Dare* ilihitajika albamu nyingine haraka. Badala yake zikaja singo mbili, "Mirror Man" Novemba 1982 na "(Keep Feeling) Fascination" Aprili 1983. Zote mbili zilifika namba 2 Uingereza. Hata "Being Boiled", wimbo wa 1978 usio na chochote ila mashine na sauti ya mtu, uliporudishwa madukani mwanzoni mwa 1982 ulipanda hadi namba 6. Hao ndio wasikilizaji ambao makala inasema walikuwa wameshachoka.

Albamu ndiyo iliyokataa kuisha. Rushent aliondoka katikati ya kazi. Wakaja Chris Thomas na Hugh Padgham, maprodyuza hodari wote wawili, lakini kila mmoja alikuta nyumba imejengwa nusu kwa ramani ya mwingine. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Prodyuza mpya anapopokea tepu za mwenzake anakuta mambo matatu: milio ambayo hawezi kuirudia kwa sababu mashine zilikuwa za aliyeondoka, mapigo ya kuongoza yasiyokubaliana na vifaa vyake, na bendi iliyokwisha kusikiliza wimbo mara 500 kiasi kwamba haijui tena kama ni mzuri. Chaguo lake ni kutia viraka au kuanza upya. Vyote viwili ni ghali, na viraka husikika. *Hysteria* ilitoka Mei 1984, miezi 31 baada ya *Dare*. Zile singo mbili zilizofika namba 2 hazikuwekwa ndani ya toleo la Uingereza.

Hapa tunaomba subira ya wasomaji kwa hesabu kidogo, kwa kuwa makala haikugusa pesa kabisa, na bila pesa hadithi hii haieleweki. Tarakimu zinazofuata ni za mfano, tumezichagua ziwe rahisi kugawanya. Tuseme studio inakodishwa pauni 1,000 kwa siku, na bendi inakaa siku 200. Ni pauni 200,000. Kampuni ya kurekodi inalipa, lakini kwa mkataba wa kawaida wa wakati ule huo ni mkopo unaokatwa kwenye mrabaha wa bendi. Rekodi inauzwa kwa wenye maduka pauni 3, na mrabaha wa bendi ni asilimia 10, yaani peni 30 kwa nakala. Gawanya 200,000 kwa 0.30: bendi haipati hata senti ya mrabaha wa kurekodi mpaka nakala karibu 667,000 ziuzwe.

Upande wa pili wa meza mambo ni tofauti. Kampuni inapokea pauni 3 kwa nakala, tuseme inatumia pauni 1 kuitengeneza na kuisambaza, inabaki na pauni 2. Zikiuzwa nakala 100,000 kampuni imerudisha pauni 200,000 zake zote, ilhali katika daftari la bendi zimerudi pauni 30,000 tu na deni linaonekana kuwa pauni 170,000. Na ikiwa mkataba unaruhusu deni la albamu moja kubebeshwa albamu nyingine, basi faida ya ile iliyouzwa vizuri inamezwa na ile iliyochelewa. Anayesaini mkataba wa kurekodi asome kifungu hicho kabla ya kingine chochote.

Kulikuwa na njia nyingine, na haikuwa siri. Depeche Mode walimpoteza Vince Clarke, mtunzi wao mkuu, mwishoni mwa 1981. Kwa bendi changa ni pigo kubwa kuliko la The Human League. Walikuwa Mute, kampuni ndogo ya Daniel Miller, ambako hesabu ilikuwa kutoa gharama kwanza kisha kugawana faida nusu kwa nusu. Chini ya mpango huo, katika mfano wetu deni linakwisha kwenye nakala 100,000 kwa pande zote mbili, na kwa kuwa kila siku ya studio inaiumiza kampuni kama inavyoiumiza bendi, hakuna anayeiacha kazi ijivute. Martin Gore akashika utunzi, Alan Wilder akaingia 1982, na albamu ya pili ilitoka Septemba mwaka huo huo. Ikafuata nyingine 1983 na nyingine 1984. Wakati The Human League wanatafuta albamu moja, Depeche Mode walitoa tatu kwa mashine zinazofanana na zao.

Turudi kwenye magitaa. Ni kweli "The Lebanon", singo ya kwanza ya *Hysteria*, ina gitaa la Jo Callis, mwanachama wa bendi wakati huo, waziwazi, na ni kweli bendi iliwahi kujivunia kutotumia gitaa. Lakini tazameni chati. Singo hiyo ilifika namba 11. "Life on Your Own" ilifika namba 16. "Louise", ambao ni wimbo wa sinthesaiza na kwa maoni yetu ni kati ya nyimbo bora walizowahi kuandika, uliukaribia ule wa gitaa na kufika namba 13. Albamu ilifika namba 3. Bendi yenye namba hizo haijaangushwa na wasikilizaji. Imeshuka ngazi chache, na ingeweza kupanda tena kama haikuwa imelemewa.

Kilichobadilika katika miezi ile 31 ni vifaa. Mwaka 1983 ulileta mfumo wa MIDI, ambao kwa waya mmoja uliunganisha vinanda vya kampuni tofauti bila kuhangaika na volti, na ulileta Yamaha DX7, kinanda cha sauti 16 kwa pamoja chenye nafasi 32 za kuhifadhi milio. Osileta zake za dijitali hazikuyumba kwa joto. Ujuzi ambao *Dare* ilijengwa juu yake, wa kupima volti na kuandika namba, ukawa si wa lazima tena, na kila bendi yenye mkopo wa benki ikawa na kile kinanda kimoja chenye mlio uleule wa piano ya umeme. Aliyetoka studio Mei 1984 na albamu iliyoanzwa 1982 alikuwa amechelewa kwa kizazi kizima cha vifaa.

Mwaka 1985 walijaribu tena na prodyuza Colin Thurston. Matokeo hayakuridhisha, kazi ikasimamishwa, na gharama zikaongezeka kwenye daftari lilelile. Callis alikuwa ameshaondoka. Ndipo Virgin ikawapeleka Minneapolis, Marekani, kwa Jimmy Jam na Terry Lewis, waliokuwa wametoka kumtengenezea Janet Jackson albamu iliyoshika chati. Walikaa huko miezi minne mwaka 1986.

Kwa upande wa kazi, Jam na Lewis walifanya kile ambacho bendi ilikosa tangu Rushent aondoke: watu wawili wenye studio yao, mashine zao na uamuzi wa mwisho. "Human" ilifika namba 1 Marekani Novemba 1986 na namba 8 Uingereza. Lakini wimbo huo uliandikwa na Jam na Lewis wenyewe, na hapo ndipo penye maumivu ambayo makala iliyapita. Mrabaha wa mtunzi ni mfuko tofauti na mrabaha wa kurekodi. Kwa kawaida haukatwi kulipia studio. Unalipwa tangu nakala ya kwanza, na unalipwa tena kila redio inapopiga wimbo. Bendi yenye deni kubwa la kurekodi huishi kwa mfuko huo. Kila wimbo wa prodyuza ulioingia albamuni ulikuwa wimbo wa Oakey, Burden au Wright uliotoka. Kwa hiyo ugomvi wa Minneapolis juu ya nyimbo za nani ziingie hauwezi kusomwa kama majivuno ya wasanii tu. Walikuwa wakigombea kodi ya nyumba. Mwishowe Oakey aliwarudisha wenzake Sheffield na kuwaachia Jam na Lewis waimalizie albamu hiyo, *Crash*, wenyewe.

Wright na Burden nao wakaondoka. Mwaka 1990 ikatoka albamu ya *Romantic?*, iliyoishia namba 24, na singo yake kubwa, "Heart Like a Wheel", iliyoishia namba 29 ingawa Rushent alirudi kuitengeneza. Mnamo 1992 Virgin ikaachana nao.

Kama sababu ingekuwa watu kuchoka na mashine, miaka hiyo ingekuwa ya magitaa. Kinyume chake, Januari 1987 namba 1 ya Uingereza ilikuwa "Jack Your Body" ya Steve "Silk" Hurley wa Chicago, mashine ya ngoma na besi ya sikwensa na karibu hakuna kingine. Oktoba mwaka huo ilikuwa "Pump Up the Volume" ya M/A/R/R/S. Mwaka 1989 Black Box walikaa namba 1 wiki sita kwa "Ride on Time". Muziki wa mashine wa hauzi na tekno uliishika nchi nzima, na Sheffield yenyewe ikawa kimojawapo cha vitovu vyake. Hata mkusanyo wa nyimbo za zamani za The Human League, uliotolewa 1988 wakati bendi haina kitu kipya, ulifika namba 3. Mashine hazijawahi kupendwa Uingereza kama zilivyopendwa katika miaka ambayo bendi hii ilikuwa chini kabisa. Tunamwomba mwandishi wa makala aitafakari hiyo.

Kurudi kwao kunathibitisha tunachosema. Walikuwa wamejenga studio yao Sheffield, kwa hiyo pauni za kila siku zilikoma. Mwaka 1993 walifanya kazi na bendi ya Yellow Magic Orchestra ya Japani. Kisha wakasaini na kampuni ya kurekodi ya EastWest, wakapata prodyuza mmoja wa kuongoza, Ian Stanley aliyewahi kuwa katika bendi ya Tears for Fears, na mpiga kinanda Neil Sutton akaandika nyimbo pamoja na Oakey. "Tell Me When" ilifika namba 6 Januari 1995, na albamu yake, *Octopus*, nayo namba 6. Hawakuongeza gitaa ili wakubalike. Walirudi kwenye sinthesaiza za analogi, zilezile za kupashwa joto nusu saa, lakini safari hii MIDI iliziongoza na kumbukumbu ya kompyuta ilishika noti, kwa hiyo kosa katika dakika ya tatu lilirekebishwa katika dakika ya tatu.

Mambo hayakunyooka moja kwa moja. Mkataba wa EastWest nao uliisha, na albamu ya 2001, *Secrets*, ilitolewa na Papillon, kampuni iliyofungwa muda mfupi baadaye; albamu haikupita namba 44. Tangu hapo riziki yao kubwa imekuwa jukwaa, ambako hakuna deni la studio linalokatwa kabla ya malipo.

Mhariri, tunaomba mrekebishe mambo mawili katika toleo lijalo. La kwanza ni dogo: makala iliweka *Hysteria* mwaka 1985, nayo ni ya Mei 1984. La pili linatuuma zaidi. Makala iliwaita Joanne Catherall na Susan Ann Sulley "wacheza shoo wa Oakey". Waliingia 1980 wakiwa na miaka 18 na 17 kusaidia ziara ambayo wenye mashine walikuwa wameikimbia. Callis alikuja akaondoka, Burden akaondoka, Wright akaondoka, Rushent aliondoka, akarudi, akaondoka tena, Virgin ikawatema, na wao wawili walikuwepo siku zote hizo. Wakati *Octopus* inatoka, wanachama rasmi wa The Human League walikuwa watatu: Oakey, Catherall na Sulley. Andikeni hivyo.

Wenu,
Mafundi wawili wa sauti